Arthur Machen na Elimu Iliyokatazwa: Maisha ya Mwandishi wa The Great God Pan

Utangulizi

Miongoni mwa riwaya fupi za kutisha zilizoandikwa kwa Kiingereza katika karne ya 19, ni chache zilizoshutumiwa vikali zilipotoka na kisha zikaja kuheshimiwa mno kama The Great God Pan, yaani Pan, Mungu Mkuu, ya Arthur Machen. Ilichapishwa mjini London mwaka 1894. Inasimulia habari za daktari anayetaka kulipasua pazia linaloutenga ulimwengu huu tunaouona na ule usioonekana, na balaa linalozuka baada ya pazia hilo kupasuka. Tangu hapo wasomaji wengi wamejiuliza swali moja: je, mtu aliyeyaandika mambo haya aliyajua kwa kuyatenda, au aliyabuni?

Swali hilo si la kupuuzwa. Lilimwandama Machen takriban maisha yake yote. Lilichangia kumfungia milango ya wachapishaji alipokuwa katika ubora wake, na mwaka 1914 likamgeukia kwa namna ambayo hakuna mwandishi angeweza kuitabiri. Makala haya yanasimulia maisha yake kwa kulifuata swali hilo. Hoja yetu ni kwamba Machen aliijua elimu ya siri kama karani anavyolijua ghala, wala si kama mganga anavyoujua mkoba wake, na kwamba utisho wa kazi yake ulitokana na ufundi wa kujua mahali pa kunyamaza.

Malezi ya Caerleon

Machen alizaliwa tarehe 3 Machi 1863 katika mji mdogo wa Caerleon, kusini-mashariki mwa Wales. Jina la ukoo wa baba yake lilikuwa Jones. Machen lilikuwa jina la ukoo wa mama yake, nalo liliongezwa baadaye hadi likalifunika lile la kwanza. Baba yake, John Edward Jones, alikuwa kasisi wa Kanisa la Kianglikana katika parokia ndogo na maskini ya Llanddewi Fach. Mtoto huyu wa pekee alikulia katika nyumba ya kasisi, mbali na majirani, akawa na vitabu vya baba yake na vilima vya nchi ile kuwa ndio wenzake.

Caerleon si mji wa vivi hivi. Warumi waliuita Isca, na kwa zaidi ya karne mbili ulikuwa kambi ya kikosi chao cha Pili cha Augusta. Machen alipokuwa mtoto, uwanja mkubwa wa michezo waliouacha Warumi ulikuwa ungali umefunikwa na majani. Haukufukuliwa hadi miaka ya 1926 na 1927. Tangu mwaka 1850 mji huo ulikuwa na makumbusho yake, na ndani yake mlihifadhiwa mawe yenye maandishi ya Kilatini yaliyotolewa ardhini. Mtoto aliyelelewa mahali kama hapo hakuhitaji kuambiwa kwamba chini ya udongo anaoukanyaga wamelala watu wengine na miungu mingine. Wazo kwamba ya kale hayajafa bali yamelala, na kwamba huenda yakaamshwa, ndilo uti wa mgongo wa karibu kila hadithi aliyoiandika baadaye. Katika hadithi hizo mji wake wa kuzaliwa unaitwa Caermaen.

Alisoma katika shule ya kanisa kuu la Hereford, akapata msingi mzuri wa lugha za kale. Hata hivyo, baba yake hakuwa na fedha za kumpeleka chuo kikuu. Ilipendekezwa asomee udaktari wa upasuaji, lakini alianguka katika mtihani wa kuingilia. Mwaka 1881, akiwa na umri wa miaka 18, alichapisha shairi refu kwa nakala mia moja tu. Shairi hilo, Eleusinia, lilihusu ibada za siri zilizokuwa zikifanywa na Wayunani wa kale huko Eleusis. Inafaa tulitazame jambo hili kwa makini. Kijana aliyetoka shuleni jana, asiyewahi kukanyaga Ugiriki, anaandika juu ya ibada ambazo waliozihudhuria walikula kiapo cha kutozitangaza. Malighafi yake yote ilitoka vitabuni. Ndivyo ilivyokuwa mwanzoni, na ndivyo ilivyoendelea kuwa.

Karani wa vitabu vya siri

Machen alikwenda London kutafuta riziki kwa kalamu, na jiji halikumpokea kwa mikono miwili. Alipanga chumba kimoja kidogo, akafundisha watoto wa watu, na mara nyingi chakula chake kilikuwa mkate mkavu, chai ya kijani na tumbaku. Jioni alitembea peke yake katika vitongoji asivyovijua, mtaa baada ya mtaa, mpaka London yenyewe ikamgeukia kuwa kama pori. Matembezi hayo ya kimaskini yakawa mtaji wake. London ya hadithi zake ni mahali ambapo mlango wa nyumba ya kawaida, katika mtaa wa kawaida, unaweza kuwa mlango wa maangamizi.

Mwaka 1885 aliajiriwa na George Redway, mchapishaji na mwuzaji wa vitabu. Kazi yake ilikuwa kuandaa orodha ya vitabu vilivyokuwa vikiuzwa, na vitabu hivyo vilihusu uchawi, unajimu, alkemia, mizuka na madhehebu ya siri ya Ulaya. Siku nzima Machen alikuwa akivifungua, akivipitia na kuvieleza kwa maneno machache ili mnunuzi avutiwe. Kwa hiyo alivijua kwa majina, kwa miaka na kwa bei. Mtu akivishughulikia vitu vya ajabu kwa ujira, ajabu yake hupungua. Mwenye kuviuza maghalani haviogopi. Hapo ndipo Machen alipojifunza kwamba kitabu cha siri kinachoeleza kila kitu hakimtishi msomaji hata kidogo, kwani aghalabu huwa ni kurasa nyingi za maneno makubwa yasiyokuwa na kitu ndani yake.

Sambamba na kazi hiyo alikuwa mfasiri. Aliufasiri mkusanyiko wa Heptameron wa Marguerite wa Navarre kutoka Kifaransa, ukatoka mwaka 1886, na baadaye akazifasiri kumbukumbu ndefu za Casanova, zilizochapishwa mwaka 1894. Maelfu ya kurasa za tafsiri yalimpa nidhamu ya sentensi. Mwaka 1887 baba yake alifariki, na mwaka huohuo Machen akamwoa Amy Hogg, mwanamke aliyekuwa na marafiki wengi katika duru za fasihi. Muda si mrefu akaanza kupokea urithi kutoka kwa jamaa wa upande wa Scotland. Kwa mara ya kwanza alipata nafasi ya kuandika bila kuhesabu senti.

Riwaya fupi yenyewe

Sura ya kwanza ya The Great God Pan ilitoka katika jarida moja la London mwaka 1890, kama hadithi inayojitegemea. Machen aliiendeleza, na mwaka 1894 mchapishaji John Lane akaitoa kama kitabu pamoja na hadithi nyingine, The Inmost Light. Jalada lilichorwa na Aubrey Beardsley.

Pan ni mungu wa Wayunani, nusu mtu na nusu mbuzi, mlinzi wa malisho na wa pori. Wayunani waliamini kwamba yeye ndiye anayetia watu hofu ya ghafla isiyokuwa na sababu. Katika riwaya hii, kumwona Pan ni kuuona ulimwengu kama ulivyo, bila pazia. Daktari Raymond anaamini kwamba mkato mdogo katika ubongo unaweza kumpa mtu uwezo huo. Anamfanyia upasuaji msichana aitwaye Mary, huku rafiki yake Clarke akishuhudia. Mary anaamka, anaona kitu, na papo hapo akili yake inapotea isirudi tena. Miezi tisa baadaye anazaa mtoto wa kike, kisha anafariki.

Kinachofuata hakisimuliwi moja kwa moja. Sura saba zilizosalia ni vipande: maandishi ya Clarke kuhusu msichana wa ajabu aliyekaa karibu na Caermaen, mwombaji wa barabarani anayekutana na rafiki yake wa zamani na kumweleza jinsi mkewe alivyomwangamiza, barua, mchoro wa uso, na habari za magazetini kuhusu mabwana wenye mali wanaojiua mmoja baada ya mwingine. Msomaji ndiye anayeviunganisha vipande hivyo mpaka atambue kwamba wanawake wote wanaotajwa ni mmoja, Helen Vaughan, binti wa Mary na wa kile Mary alichokiona. Mwishoni Villiers na Clarke wanamfikia Helen wakiwa na kamba, naye anajitia kitanzi. Daktari aliyeitwa aliandika alichokishuhudia: mwili ukiyeyuka na kubadilika umbo, kutoka mwanamke hadi mwanamume, kutoka mtu hadi mnyama, mpaka ukafikia kitu kisichokuwa na umbo.

Ufundi wa Machen unajidhihirisha katika yale asiyoyasema. Hatuambiwi Mary aliona nini. Hatuambiwi mabwana wale walionyeshwa nini ndani ya nyumba ya Helen. Mhusika mmoja anaanza kuyasoma maelezo hayo, anafumbua kurasa chache, kisha anazifunga kwa kichefuchefu, nasi tunafungiwa mlango pamoja naye. Taharuki inajengwa juu ya pengo. Karani wa Redway alikuwa ameona vitabu visivyoacha pengo lolote, akajua udhaifu wake.

Kuna jambo la pili, nalo ni zito zaidi. Katika riwaya hii anayetafuta elimu iliyokatazwa si yeye anayelipa gharama yake. Mary ni msichana maskini aliyeokotwa na Raymond mtaani akiwa mtoto mwenye njaa, na kwa sababu hiyo daktari anajihesabia haki ya kuyatumia maisha yake apendavyo. Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, na Raymond ni kielelezo kamili cha methali hiyo. Anapoteza nini yeye? Anaishi hadi sura ya mwisho, akiwa mzima, na anachotoa ni barua ya kukiri kwamba kazi ya usiku ule ilikuwa mbaya. Clarke naye, aliyekaa kitini akitazama, haachi kukusanya habari za kutisha katika daftari lake kana kwamba hakujifunza lolote. Uovu wa mwanzo kabisa katika kitabu hiki haukufanywa na Pan. Ulifanywa na bwana msomi, katika chumba chake cha majaribio, juu ya mtu asiyekuwa na mtetezi.

Hata hivyo, haki inatulazimu tuseme kwamba Machen mwenyewe hakuifuata hoja hiyo hadi mwisho wake. Mary anatamka maneno machache mno, na Helen, ambaye ndiye kiini cha hofu yote, hapewi nafasi ya kujieleza. Tunamjua kwa vinywa vya wanaume wanaomwogopa. Wahakiki wa siku za karibuni wameliona jambo hili na kulihusisha na hofu ya jamii ya wakati ule juu ya mwanamke asiyetawalika.

Shutuma, msiba na chama cha siri

Kitabu kiliuzwa vizuri, lakini wahakiki wengi walikishambulia. Wengine walikiona kichafu, wengine cha kuchekesha, na wengine wakashuku afya ya akili ya mwandishi. Machen alizihifadhi shutuma hizo kwa uangalifu, na mwaka 1924 akazichapisha zote katika kitabu alichokiita Precious Balms. Ni waandishi wachache wanaoweza kuyageuza matusi waliyotukanwa kuwa kitabu.

Kicheko hicho kilikuja baadaye. Mwaka 1895 Oscar Wilde alishtakiwa na kufungwa, na wimbi la chuki likawakumba waandishi wote waliodhaniwa kuwa wa mkondo wake. Kitabu cha Machen, kilichopambwa na Beardsley na kutolewa na John Lane, kilikuwa na kila alama ya mkondo huo. The Three Impostors kilitoka mwaka huohuo, lakini baada ya hapo milango ikafungwa. The Hill of Dreams, riwaya ambayo wengi wanaihesabu kuwa kilele cha usanii wake, ilikamilika mwaka 1897, ikakaa miaka kumi kabla ya kuchapishwa mwaka 1907.

Msiba mkubwa zaidi ulimpata mwaka 1899, mkewe Amy alipofariki kwa saratani baada ya kuugua kwa muda mrefu. Machen alichanganyikiwa kwa huzuni. Ni katika hali hiyo, mwaka huohuo wa 1899, ambapo rafiki yake A. E. Waite alimwingiza katika chama cha siri cha Golden Dawn, kilichokuwa na mshairi W. B. Yeats miongoni mwa wanachama wake. Wanaotaka kumfanya Machen mchawi huishikilia habari hii. Lakini hesabu ya miaka inawakana: The Great God Pan ilikuwa imetoka miaka mitano kabla. Fauka ya hayo, Machen hakukipata alichokitafuta. Katika kumbukumbu zake za baadaye alikitaja chama hicho kwa kejeli, akaeleza kwamba ibada zake hazikumwangazia lolote. Mtu aliyewatisha wasomaji kwa mlango wa siri alipofunguliwa mlango halisi alikuta chumba kitupu.

Alichomponya hasa ni jukwaa. Mwaka 1901 alijiunga na kikundi cha maigizo cha Frank Benson, akazunguka nchi nzima akiigiza. Mwaka 1903 akamwoa Dorothie Purefoy Hudleston, nao wakajaliwa mtoto wa kiume na wa kike.

Wapiga mishale wa Mons

Familia ililazimu mshahara, na tangu mwaka 1910 Machen akawa mwandishi wa gazeti la Evening News, kazi ambayo hakuipenda. Tarehe 23 Agosti 1914 jeshi la Uingereza lilipambana na Wajerumani huko Mons, Ubelgiji, likalazimika kurudi nyuma. Tarehe 29 Septemba gazeti likachapisha hadithi fupi ya Machen, The Bowmen. Ndani yake askari mmoja, akiwa amezingirwa, anakumbuka sala ya Kilatini kwa Mtakatifu George, na mara wanatokea wapiga mishale wa kale wa vita vya Agincourt vya mwaka 1415 na kuwaangusha maadui pasipo kuwaachia jeraha.

Hadithi iliandikwa kwa mtindo wa taarifa, na gazeti halikueleza kwamba ni bunilizi. Wahariri wa majarida ya mambo ya ghaibu wakamwandikia kuuliza amezipata wapi habari hizo. Akawajibu kwamba amezibuni. Majarida ya parokia yakaomba kuichapisha upya. Kasisi mmoja alitaka aandike dibaji ya kutaja mashahidi. Machen alipomweleza kwamba hakuna mashahidi kwa kuwa hakuna tukio, kasisi akamjibu kwamba lazima yeye Machen ndiye aliyekosea, na kwamba hadithi yake imejengwa juu ya ukweli fulani asioujua. Kufikia mwaka 1915 wapiga mishale walikuwa wamekuwa malaika, na makanisani wakihubiriwa. Machen alitoa kitabu mwaka huo, akaweka dibaji ndefu ya kukana. Akajibiwa na kitabu kingine, cha Harold Begbie, kilichowatetea malaika dhidi ya mwandishi wao.

Methali inasema kweli ikidhihiri uongo hujitenga. Katika kisa hiki kweli ilidhihiri na bado ikaachwa peke yake mlangoni. Haifai tuwacheke watu wale. Walikuwa wamewapoteza wana na ndugu, nao walihitaji kusikia kwamba waliokufa hawakuachwa. Mwandishi aliwapa faraja bila kukusudia, kisha dhamiri yake ikamlazimu kuwanyang'anya. Angeweza kunyamaza na kuvuna sifa. Hakunyamaza, naye kwa kusema kweli aliitwa mwongo juu ya hadithi yake mwenyewe.

Uzee

Machen aliacha kazi ya gazeti mwaka 1921. Wakati huohuo wasomaji wa Marekani walikuwa wameanza kumgundua upya. Mwaka 1923 kazi zake zilikusanywa katika toleo la majuzuu tisa lililopewa jina la mji wake wa kuzaliwa, na vitabu vya kumbukumbu zake vikapata wasomaji. Mmarekani H. P. Lovecraft alimsifu katika insha yake ya mwaka 1927 juu ya fasihi ya kutisha, na hadithi yake The Dunwich Horror, iliyotoka mwaka 1929, ina deni la wazi kwa The Great God Pan. Katika karne yetu hii Stephen King naye ameikiri athari hiyo.

Sifa hazikujaza chungu. Mwaka 1932 Machen alipewa pensheni ya serikali ya pauni 100 kwa mwaka. Mwaka 1943, alipotimiza miaka 80, waandishi wa Uingereza, wakiwemo T. S. Eliot, George Bernard Shaw na Walter de la Mare, waliongoza harambee ya kumsaidia, naye akaweza kuzimaliza siku zake bila dhiki. Alifariki tarehe 15 Desemba 1947 akiwa na umri wa miaka 84.

Hitimisho

Maisha ya Machen yanamkumbusha mwanafunzi wa fasihi jambo analofundishwa mwaka wa kwanza na kulisahau upesi: kwamba msimulizi si mwandishi, na bunilizi si ushuhuda. Mwaka 1894 wasomaji walimtuhumu kwa sababu waliamini kwamba lazima aliyatenda aliyoyaandika. Mwaka 1914 walimkatalia kwa sababu waliamini kwamba lazima yalitendeka aliyoyaandika. Kosa ni lilelile. La kwanza lilimfanya mchafu, na la pili likamfanya nabii. Mara zote mbili alinyimwa hadhi aliyostahili, ambayo ni hadhi ya msanii.

Anayeichukua The Great God Pan leo asiisome kwa kutafuta siri iliyofichwa ndani yake, kwani mwandishi hakuificha yoyote. Aisome akimtazama msichana Mary juu ya kiti cha upasuaji, na wanaume wawili wasomi waliosimama kando yake, kisha ajiulize elimu ile ilikuwa ya nani na gharama yake ilikuwa ya nani. Hapo atakuwa ameufikia utisho wa kweli wa kitabu hiki, nao hauhitaji mungu yeyote wa kale ili uaminike.